Kaka Yetu na Filamu Aliyoiacha Bila Sauti

Mliosimama hapa kaburini, na mtakaoisoma karatasi hii baadaye mkiwa mmekaa, naomba mnivumilie. Wasifu wa kwanza wa marehemu uliandikwa na kaka yetu mkubwa. Ulikuwa mfupi na wenye adabu, na habari za kazi alizimaliza kwa sentensi moja: "Marehemu alijishughulisha na shughuli mbalimbali." Nimeifuta, na yeye ameridhia. Kaka yetu hakujishughulisha na shughuli mbalimbali. Alikuwa na shughuli moja, ikamshinda, na tunamzika kabla hajaimaliza. Mimi ni mdogo wake wa kike anayemfuata, fundi cherehani, kuandika si kazi yangu. Mahali nitakapokosea lugha mnisamehe. Mahali nitakapoonekana nina hasira, hapo sijakosea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1974, mtoto wa pili kati ya watatu wa karani wa posta na mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alizaliwa nyumbani, katika chumba cha nyuma, kwa sababu hakumpa mama yake nafasi ya kufika hospitali. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu aliimaliza haraka yake yote siku ile. Baada ya hapo alichelewa kutembea, alichelewa kuongea, na kumtuma chumvi dukani kulikuwa sawa na kumuaga. Ukimfuata unamkuta amesimama dirishani kwa fundi redio, mdomo wazi, anatazama matumbo ya redio ya mtu. Baba alifariki mwaka 1986, na kuanzia hapo tulilelewa na mshahara wa chaki.

Elimu ya msingi aliipata katika shule aliyofundisha Mama, jambo ambalo halikumsaidia. Darasani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchapwa, ili mtu asije akasema Mwalimu anapendelea wa kwake. Alimaliza sekondari mwaka 1992, na mwaka 1994 akaingia chuo cha ualimu. Mama alimpeleka mwenyewe, amevaa viatu vyake vya sikukuu, kwa kuwa mkuu wa chuo alikuwa amesoma naye dawati moja. Alimwambia mkuu, mbele ya kijana, "Huyu ndiye atakayeshika chaki yangu." Maneno hayo tuliyasikia mara nyingi sana nyumbani, na nadhani kaka aliyasikia kwa uzito kuliko sisi wengine.

Mwaka 1996, zikiwa zimebaki wiki chache afanye mitihani ya mwisho, kulikuwa na harusi karibu na chuo. Mshika taa wa mpiga video alikuwa anaumwa homa, wakatafuta mwanafunzi mmoja mrefu wa kuishika. Kaka akaishika kutwa nzima. Jioni mpiga video akamruhusu aweke jicho kwenye kitundu cha kamera. Aliporudi chuoni ilikuwa ni kufunga godoro lake tu. Mama alipopata habari hakumfokea, na wanaomjua Mwalimu wanajua kwamba kufoka kwake kulikuwa nafuu. Aliacha kusema naye. Walikaa nyumba moja, meza moja, na mimi nikawa posta: "Mwambie kaka yako chakula kiko tayari." "Mwambie Mama nimeshashiba." Hali hiyo ilipita mwaka. Kisha siku moja Mama akamwambia ana kwa ana kwamba mvua inakuja, aingize nguo, na maongezi yakaanza upya kupitia nguo. La chuo halikutajwa tena. Kwetu hatuombani radhi, tunasogezeana kikombe cha chai, na mtu anatakiwa aelewe. Wengi wetu tulielewa. Kaka yetu alikuwa mtu wa kutaka kusikia kwa masikio yake.

Akawa mpiga video wa harusi, na kazi hiyo aliifanya hadi mwili ulipomkatalia. Ninyi mlimwita Tulieni, kwa sababu hilo ndilo neno aliloanza nalo kila mahali: "Tulieni kidogo, jamani." Wengi mliopo hapa mmeolewa au mmeoa mbele ya kamera yake. Mnakumbuka ile harusi ambayo betri ilimwishia pete ikiwa bado inasukumwa kidoleni, akanyoosha mkono na kumwomba bwana harusi airudie. Mfungisha ndoa akamwambia ndoa si maigizo. Kaka akajibu kwa heshima zote kwamba ndiyo maana inafaa irekodiwe. Wakarudia, na ndoa ile ipo mpaka leo, kwa hiyo haikudhurika.

Yeye mwenyewe alifunga ndoa tarehe 16 Agosti 2003. Walijuana kwenye harusi ya dada wa bibi harusi, ambapo binti huyu alimzibia kamera siku nzima kwa kofia yake, na kaka alipokuwa akihariri akajikuta ana harusi ya kofia. Siku yao alinyanyuka katikati ya ibada, suti na maua kifuani, akaenda kumgeuzia taa kijana aliyekuwa akiwapiga. Wifi yangu aliwahi kuniambia kwamba pale ndipo alipojua kuwa ameolewa mke wa pili. Alilisema kwa kucheka. Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 2005.

Sasa naingia kwenye lile ambalo kaka mkubwa alilipita juu kwa juu. Kuanzia mwaka 2009, alipopata kamera yake ya kwanza ya kisasa, marehemu alianza kutengeneza filamu fupi. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa, hakuna aliyemfundisha. Alikuwa anasema amechoka kurekodi furaha ya watu waliomwita kwa ajili ya furaha, anataka kurekodi kitu kingine. Filamu ya kwanza ilihusu mtu anayenyolewa, umeme unakatika kichwa kikiwa nusu, na anaanza kuzunguka mjini kutafuta kinyozi mwenye jenereta. Aliyeigiza alikuwa muuza viatu wa jirani yetu. Mnaona tatizo liko wapi. Walirekodi Jumapili ya kwanza, na kwa kuwa hadithi ilikuwa ya siku moja, muuza viatu alitakiwa abaki na nusu ya nywele mpaka Jumapili nyingine, na nyingine tena. Akili ni nywele, na yeye zake alitembea nazo nusu kwa wiki nzima. Jumapili ya pili alikuja amenyoa kipara, akasema mama mkwe wake alikuja bila taarifa. Filamu ile inaishia njiani.

Alifanya nyingine mbili tatu. Moja aliionyesha uani kwetu, ameangika shuka ukutani, na majirani wakaja na viti vyao. Ilipokwisha na taa kuwashwa, mama mmoja akauliza kwa upole picha yenyewe inaanza lini. Tulicheka hadi tukalia, na yeye alicheka pia, lakini shuka lile alilikunja mwenyewe na hakutaka kusaidiwa. Alituambia kosa ni lake, kwamba alikuwa anaiga vitu ambavyo si vyake. Filamu ya mtu anayeanza, alisema, inabidi itoke kwenye jambo ambalo usipolisema wewe hakuna mwingine wa kulisema.

Hivyo mwaka 2013 akaandika filamu ya mama na mlango. Ni hadithi ya dakika chache tu. Kijana amemkosea mama yake, amejifungia chumbani, na mama amesimama ukumbini anaongea na mlango. Kwanza anamsema. Halafu anamtania. Halafu anamwambia chakula kinapoa. Mwishoni anasema, "Fungua, mwanangu. Nimekusamehe." Kosa lenyewe halitajwi popote, na hakuna kati yetu aliyeuliza ni lipi. Hatukuwa wajinga.

Mswada alimpelekea Mama. Mama alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akausoma wote, akasahihisha herufi kubwa na vituo, akamrudishia. Hakusema lolote juu ya hadithi. Alisema Jumapili atakuwa tayari saa nne, na kwamba asicheleweshwe.

Walirekodi nyumbani kwetu, Jumapili baada ya Jumapili, hadi Oktoba. Kaka alishika kamera, ambayo sauti yake aliizima kwa sababu ilikuwa na kelele. Kinasa sauti, kile kidogo kinachofanana na mashine ya kunyolea ndevu, alikifunga kiunoni, na waya wake ukapanda hadi kwenye kijiti cha maikrofoni nilichokishikilia juu ya kichwa cha Mama. Mimi pia ndiye niliyetundika mashuka madirishani kuzuia jua. Kwa kipande cha mwisho alitaka tumwone Mama uso kwa uso, kana kwamba tuko ndani chumbani na mlango haupo. Akamwita seremala, mlango ukang'olewa kwenye bawaba, na kamera ikasimama chumbani, yeye nyuma yake. Kwa hiyo siku ile Mama hakuongea na mlango. Aliongea akimtazama mwanawe. Alisema maneno yale, na mimi nilikuwa hapo, na seremala alikuwa hapo. Kaka akasema vizuri sana, turudie. Wakarudia. Akasema turudie tena. Walirudia mpaka seremala akaniuliza kwa macho kama kuna kitu kimeharibika.

Nitaeleza kilichotokea kwa kinasa sauti, kwa sababu bila hilo hamtaelewa maisha ya kaka yetu yaliyobaki. Kamera yake ya zamani ya harusi, aliyoitumia miaka na miaka, ilikuwa na taa nyekundu iliyopepesa wakati inarekodi. Ikipepesa, mambo yako sawa. Kinasa sauti hiki kipya kilikuwa kinyume. Ukibofya mara ya kwanza taa inapepesa, maana yake kiko tayari, kinasubiri. Ukibofya tena taa inatulia, na hapo ndipo kinarekodi. Ukibofya tena kinarudi kusubiri. Kaka alibofya kabla ya kila kipande, akaona taa inapepesa, akaridhika. Kipande kilipokwisha alibofya tena, akijua anazima. Visikilizio alivaa masikioni muda wote, na sauti ilikuwa inamfikia safi kabisa, kwa maana chombo kile hukusikilizisha hata kama hakirekodi. Kila jioni alitazama kioo chake kidogo, akaona mafaili yapo, tena mazito. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ilikuwa ikiganda kila akiifungulia picha za kamera mpya, kwa hiyo aliyahamishia kwenye diski bila kuyasikiliza, akasema atahariri baada ya msimu wa harusi.

Msimu haujaisha vizuri, tarehe 11 Januari 2014, Mama akapigwa kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa na ulimi pia. Mwalimu aliyefundisha watu wa mtaa huu kusoma hakuweza kuomba maji. Kaka alikaa kitandani pake kila siku, na mara moja, tukiwa tumesimama wawili koridoni hospitalini, aliniambia nisihuzunike sana, kwa sababu sauti ya Mama anayo. Nilimshukuru. Mama alifariki tarehe 2 Machi mwaka huo huo.

Baada ya mazishi akapata kompyuta nzuri, akafungua mafaili. Chombo kilikuwa kimerekodi kila kitu isipokuwa filamu. Kilikuwa kimerekodi katikati. Mama anauliza kama nimezima jiko. Mama analalamika mguu. Mama anamuuliza seremala hali ya mkewe aliyekuwa mjamzito, na anampa ushauri ambao hajaombwa. Mama anacheka, tena lile cheko lake la kujizuia ambalo hakuwapa wanafunzi. Na katika faili la siku ya mwisho, baada ya kurudia kipande kile mara nyingi, inasikika sauti yake imechoka: "Nimeshasema, mwanangu. Unataka niseme mara ngapi?" Halafu kinasikika kidole cha kaka kikibofya, na kimya.

Kwa hiyo alibaki na picha zisizo na sauti, na sauti zisizo na picha. Watu walimpa ushauri, na ushauri haukuwa mbaya. Weka muziki. Weka maandishi chini. Mtafute mtu mwingine aingize maneno. Mama mdogo, ambaye sauti yake na ya Mama zilikuwa zikitudanganya kwenye simu, alikuja, akakaa, akayasema yote kwa moyo wake wote. Kaka alisikiliza, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akafuta. Aliniambia mdomo ni wa Mama, pumzi si yake.

Akaanza kuokota. Alipitia mafaili yale ya katikati, akikata neno hapa na neno pale na kulipachika kwenye mdomo wa Mama pichani. Neno "chakula" alilipata Mama alipokuwa akiuliza jiko. Neno "fungua" lilitoka alipomwambia binti wa kaka afungue dirisha. Sehemu ya kwanza ya filamu aliijenga hivyo, na niliiona, na siwezi kuwaambia ilikuwa nzuri. Mama alionekana kama anasemewa na mtu mwingine. Lakini aliendelea, miaka ikapita. Harusi akawa anapunguza. Wateja wakachoka kusubiri mikanda yao, wakaenda kwa vijana wanaomaliza kazi siku hiyo hiyo, na wengine wenu hapa ni miongoni mwao, siwalaumu. Wifi alivumilia kuliko ambavyo mimi ningevumilia. Siku aliyofungasha kwenda kwao aliniambia neno moja ambalo linanikaa hadi leo: "Wifi, mimi niko hai, naongea kila siku, na yeye kavaa visikilizio." Hakukaa huko siku zote. Alirudi kaka alipoanza kuvimba miguu, na Mungu amlipe, sisi hatuna cha kumlipa.

Maneno mengi aliyapata. Neno "nimekusamehe" hakulipata. Alisikiliza kila pumzi ya Mama iliyomo kwenye diski ile, na Mama, nje ya filamu, hakuwahi kulitamka. Labda mtashangaa. Sisi tuliomjua hatukushangaa.

Mwaka 2023 fundi kompyuta mmoja alimwambia siku hizi hakuna shida, mashine inaweza kujifunza sauti ya mtu na kuisemesha chochote. Kaka alisita muda mrefu, kisha akakubali. Nilikuwepo siku alipoletewa. Tuliisikia sauti ya Mama mle sebuleni, safi, kama yuko jikoni, ikisema, "Fungua, mwanangu. Nimekusamehe." Mimi nililia, sina aibu kusema. Wifi alitoka nje. Kaka aliisikiliza tena kwa visikilizio hadi mwisho, akavivua, akamwambia fundi, "Sauti ni yake kabisa. Ila huyu hajakosewa na mtu. Atasamehe nini?" Akamwomba aifute. Fundi alidhani ni suala la ubora, akaahidi kuboresha.

Ugonjwa wa marehemu ulianza na shinikizo la damu ambalo hakulitibu kwa sababu halikuwa likimuuma. Mwanzoni mwa mwaka huu madaktari walituambia figo zote mbili zimechoka. Akaanza kusafishwa damu kwenye mashine, mara ya kwanza kwa matumaini, halafu kwa mazoea. Kule wodini alilala na visikilizio. Muuguzi mmoja wa zamu ya mchana alidhani anasikiliza muziki, akamuuliza ni wimbo gani huo usiokwisha. Kaka akampa upande mmoja. Muuguzi alisikia Mwalimu akilalamika kwamba amesimamishwa kama mtoto mtundu, na akacheka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba naye asikilize. Kwa siku kadhaa wodi ile ilikuwa na mama. Nalitaja hili kwa sababu ndiyo mara pekee watu wasio ndugu zake walifurahia kazi ya kaka yetu, na ilikuwa ni ile sehemu aliyoirekodi kwa makosa.

Katika wiki yake ya mwisho nilikuwa nikimkanda miguu, akaniita.

"Mdogo wangu, hivi Mama alisema kweli?"

"Alisema. Mimi si ndiye nilikuwa nimeshika kijiti? Alisema, 'Fungua, mwanangu. Nimekusamehe.'"

"Maneno nayajua, niliyaandika mwenyewe. Nakuuliza alisemaje. Alikuwa anamwambia yule wa kwenye hadithi, au alikuwa ananiambia mimi?"

Nilimkumbusha lile faili la mwisho, ambamo Mama anasema ameshasema, na anauliza anatakiwa aseme mara ngapi. Nikamwambia hilo si linatosha. Akatikisa kichwa. Alisema pale Mama alikuwa anamjibu mpiga picha. Alisema siku ile ya kurekodi aliisikia sauti yenyewe masikioni, tena mara nyingi, na alikuwa na hakika kabisa ni kwa nani. Ndiyo maana alikuwa anaomba irudiwe, haikuwa na kasoro yoyote. Lakini sasa ameshasikiliza vitu vingi mno juu yake, na akijaribu kuikumbuka anaisikia ile ya mashine.

"Ningeisikia mara moja tu ningejua," alisema. "Wewe ulisikia. Niambie."

Nilimwambia sijui. Kuna ndugu wamenilaumu kwamba mtu anayekufa hupewa anachokitaka. Alikuwa amesikiliza sauti za watu kwa miaka kumi, akitafuta ipi ina ukweli ndani yake. Ningemdanganya angeisikia hapo hapo. Aligeuza uso ukutani, akaniambia asante, niendelee na mguu.

Alifariki Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024, asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa pembeni yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini.

Jana mchana mjane, binti yao na mimi tuliifungua ile kompyuta. Tulijidanganya kwamba labda uso utatuambia kile ambacho sauti haipo kutuambia. Tulizipanga picha zote za kipande cha mwisho, tukazitazama moja baada ya nyingine. Mama anasimama mahali pa mlango. Anatazama mbele. Midomo inatembea, na mwenye macho anasoma kila neno. Akimaliza haondoi macho, anaendelea kutazama, mpaka kaka anapozima kamera. Kila mara anatazama vilevile. Binti aliuliza, "Sasa hapo bibi alikuwa anaigiza, au?" Wifi alinitazama mimi. Mimi nilikuwa mtoto wa mwanamke yule kwa miaka mingi, nilikuwa chumba kimoja naye siku ile, na sikuweza kumjibu. Mama aliigiza vizuri mno. Tukaifunga.

Mchungaji ameniomba nimalizie kwa neno la faraja. Kuna wanaosema sasa mama na mwana wamekutana, na yote yameshasemwa. Wenye imani hiyo wasiiache kwa ajili yangu. Mimi namjua Mwalimu. Atakuwa amemwambia mvua inakuja.

Marehemu ameacha mjane mmoja, binti mmoja, kaka mmoja, dada mmoja, mama mdogo mmoja, harusi nyingi zilizomo makabatini mwenu, na filamu fupi ambayo hakuna kati yetu anayeweza kuimalizia. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi wa wodi ile, majirani, na wote mliochimba na kubeba.

Alale sasa kaka yetu, na masikio yake yapumzike.